Shajara ya Karakana: Mrashi, Bangili na Hirizi za Fedha

Mei, kupokea na kukagua

Vyombo vilivyofika karakanani mwezi huu ni vya ukoo mmoja wa Isevya, hapa Tabora, na vimekusanywa na bibi wa ukoo huo kutoka katika masanduku ya ndugu mbalimbali. Kuna mrashi wa fedha, yaani chombo cha kunyunyizia marashi, ambao shingo yake inacheza, bangili mbili nzito ambazo moja imepasuka, hirizi yenye kasha la fedha ambayo kishikizo chake kimekatika, na mkufu uliopoteza baadhi ya pete zake. Karakana yenyewe ni chumba cha uani kilichokuwa stoo ya mahindi, chenye dirisha moja dogo, na udogo wa dirisha hilo ni faida, kwa kuwa joto la fedha husomwa kwa rangi yake, na rangi hiyo haionekani kabisa penye mwanga wa jua.

Kabla ya kushika tupa nilipiga picha kila chombo kwa pande zote, nikakipima uzito, kisha nikaandika kila kovu, kila kiraka na kila mahali palipolehemiwa zamani. Kazi hii ya daftari huwachosha wengi, lakini chombo cha kale kikishapita motoni hakuna tena namna ya kujua kilikuwaje, na mwenye mali ana haki ya kuonyeshwa alichokileta na atakachokichukua.

Jambo la pili lilikuwa kujua kiwango cha fedha. Bangili iliyo nzima haina uwazi ndani, kwa hiyo iliwezekana kuipima kwa maji: niliipima ikiwa kavu, nikaipima tena ikiwa imening'inizwa kwa uzi ndani ya maji pasipo kugusa kitako cha bakuli, kisha nikaugawanya uzito wa kwanza kwa upungufu uliotokea. Fedha tupu ni nzito mara 10.49 kuliko maji, shaba nyekundu mara 8.96, na fedha ya 925, yaani sehemu 925 za fedha kwa 75 za shaba, hukaribia 10.36. Bangili hii ilitoa karibu 10.2, na hesabu hiyo huangukia kwenye fedha ya 833. Hicho ndicho kiwango cha riale ya Maria Theresa, ile sarafu ya gramu 28.07 iliyoendelea kupigwa kwa zaidi ya karne mbili ikiwa na mwaka uleule wa 1780, na ambayo masonara wa Oman, Unguja na mwambao waliiyeyusha ili kutengeneza mapambo. Rupia za India na zile za Deutsch-Ostafrika, koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, zenye gramu 11.66, zilikuwa na fedha bora zaidi, ya 917, nazo pia ziliishia katika kalibu za masonara. Kwa mji uliokuwa njia panda ya misafara ya kutoka pwani kwenda Ujiji na Karagwe, kisha ukafikiwa na reli mwaka 1912, si ajabu kukuta fedha za viwango mbalimbali katika sanduku moja.

Kiwango hiki nimekitafuta kwa sababu ya moto. Fedha na shaba zikichanganywa kwa kiasi cha sehemu 72 za fedha kwa 28 za shaba, mchanganyiko huo huyeyuka kwenye nyuzi 780 hivi za Selsiasi, mapema kuliko fedha tupu na mapema kuliko shaba tupu. Fedha ya 925 ina shaba kidogo, hivyo huanza kulegea juu kidogo ya nyuzi 800. Fedha ya 833 ina shaba ya kutosha kubeba mchanganyiko huo ndani yake, na kwa hiyo huanza kutoka jasho kwenye nyuzi 780 zilezile, hata kama chombo kizima bado kinaonekana kimesimama imara. Sasa, lehemu ngumu ya fedha wanayoitumia masonara hutiririka karibu na joto hilohilo. Fundi aliyezoea pete mpya za 925 akiiweka lehemu hiyo juu ya bangili ya riale, atakuwa anangoja lehemu itiririke huku ngozi ya bangili ikianza kuyeyuka mbele ya macho yake. Nimeamua mapema, basi, kwamba vyombo hivi vyote vitaungwa kwa lehemu ya fedha ya moto mdogo, ile inayotiririka kwenye nyuzi 705 hadi 725 hivi, na kwamba chochote kinachoweza kutengenezwa bila moto hakitapelekwa motoni.

Mwishoni mwa Mei, mrashi

Mrashi una urefu wa shibiri moja na zaidi. Kitako chake ni kipana na kina uwazi ndani, tumbo lake ni la mviringo lenye maua yaliyoinuliwa kwa nyundo, shingo ni ndefu na hupungua kadiri inavyopanda, na kichwa chenye matundu hufunguliwa kwa kuzungushwa. Maua yamejaza tumbo lote isipokuwa ukanda mwembamba chini ya shingo, na hapo ndipo penye ugonjwa. Fundi fulani wa zamani, ambaye hakuna anayemkumbuka, alikuta shingo imeachana na tumbo, akaizungushia lehemu ya risasi nyingi kiasi cha kufunika safu nzima ya majani.

Naelewa kwa nini alifanya hivyo. Lehemu ya risasi na bati huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183, kwa hiyo yeyote mwenye chuma cha kulehemia redio anaweza kukishikiza chombo cha fedha na kulipwa siku ileile. Gharama yake huja kwa fundi anayefuata. Risasi na fedha zikikutana huanza kuyeyuka pamoja kwenye nyuzi 304, na chombo chenye mabaki ya risasi kikipandishwa hadi nyuzi 700, mabaki hayo huitafuna fedha na kuacha vishimo, wakati mwingine matundu, ambayo hayazibiki bila kukata kipande na kuweka kingine. Punje moja iliyojificha katika mtaro wa ua inatosha kuharibu ua zima. Kwa maneno mengine, mrashi huu hauwezi kulehemiwa kwa fedha mpaka risasi yote iwe imetoka, na kutoa risasi ni kazi kubwa kuliko kulehemu.

Bibi alipokuja kutazama nilimwonyesha picha na kumweleza hivyo, kwa sababu uamuzi wa kuendelea ulikuwa wake. Alinisikiliza, kisha akauliza kama siwezi kuongeza risasi kidogo tu mahali panapovuja, maana harusi ya mjukuu wake iko mbele na mrashi wa kuazima hautaki.

"Bibi, risasi ni sumu," nilimwambia. "Marashi yakilala humo usiku kucha yatakuwa yameigusa, na kesho yake wageni watanyunyiziwa usoni na mikononi."

"Basi itoe, mwanangu," alisema. "Lakini usining'arishie kama sufuria ya dukani. Mama yangu alikuwa nao hivihivi, mweusi kwenye maua."

Masharti hayo mawili, kwamba mrashi usivuje na kwamba weusi wa maua ubaki, nimeyaandika juu ya ukurasa wake katika daftari.

Juni, kuondoa risasi

Meza ya risasi nimeitenga kabisa na meza ya fedha. Tupa, vikwangulio na brashi zinazogusa risasi zimefungwa utepe mwekundu na hazitarudi upande wa pili, kwa kuwa chembe ya risasi iliyonasa kwenye meno ya tupa huhamia kwenye chombo kingine bila mtu kujua. Juu ya meza nimetandika magazeti yaliyoloweshwa ili vumbi lisiruke, maana hapa Tabora wakati wa kiangazi upepo huingia hata kwenye ufa wa mlango. Sifagii; nakunja gazeti pamoja na kilichomo na kukitia katika kopo lenye kifuniko. Watoto wa nyumbani wamekatazwa kuingia, na barakoa haivuliwi mpaka mikono iwe imeoshwa.

Hatua ya kwanza ilikuwa kupasha moto kidogo. Nilitumia bunduki ya hewa ya moto ya mafundi wa simu, si mwali wa gesi, kwa sababu hewa hiyo inaweza kudhibitiwa ili chombo kisipite sana joto la kuyeyusha risasi. Fedha ni metali inayopitisha joto kuliko nyingine zote, hivyo haiwezekani kupasha shingo peke yake. Tumbo lote hupata joto, na risasi hulegea pande zote kwa wakati mmoja. Ilipoanza kung'aa na kutikisika niliipangusa kwa kitambaa kinene cha pamba, kila pangusa kwa upande mpya wa kitambaa, na shingo ikatoka yenyewe bila kuvutwa. Kuvuta ni kosa ambalo nimeliona kwenye vyombo vya watu wengine: ukingo wa fedha nyembamba hukunjika, na kuunyoosha baadaye huleta ufa.

Kilichobaki kilikuwa ngozi nyembamba ya kijivu iliyong'ang'ania. Hii inatoka kwa kukwangua tu. Nimechonga vikwangulio kutokana na sindano nene za kushonea magunia, kimoja chenye ncha bapa na kingine kilichopinda, na kwa hivyo nimefuata kila jani, chini ya kioo cha kukuzia, kutoka kwenye mshipa hadi ukingoni. Risasi hukwanguka kwa ulaini na kuacha mng'ao wa kijivu. Fedha hukataa, na mtu huisikia ncha ikibadilika mkononi kabla hajaiona. Ni kazi ya jioni nyingi, na nimejizoeza kuiacha mara mkono unapochoka, kwa sababu kikwangulio kinachoteleza huchora fedha alama ambayo hakuna nakshi inayoweza kuificha.

Mahali ambapo ncha haifiki nilimalizia kwa siki nyeupe iliyochanganywa na haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa, ile ya asilimia 3, ambayo huyeyusha risasi polepole. Sehemu yenye risasi ndiyo pekee inayozamishwa, fundi akiwa anaitazama wakati wote, na ikitoka husuguliwa kwa brashi laini na kuoshwa kwa maji mengi. Maji yaliyobaki yamebeba risasi na ni sumu kuliko yanavyoonekana, kwa kuwa hayana rangi. Yako katika chupa iliyofungwa, iliyoandikwa maneno makubwa, na hayatamwagwa uani wala shimoni.

Uchunguzi wa mwisho ni wa joto. Kiungo kilichosafishwa hupakwa boraksi kidogo, ile chumvi nyeupe ya masonara inayoikinga metali isichafuke motoni, na kupandishwa hadi kama nyuzi 300, bado mbali na wekundu. Kama kuna risasi iliyobaki, huchomoza katika vitone vinavyong'aa. Vitone vilionekana mahali pawili nyuma ya ua moja, navyo vikaondolewa kwa kikwangulio. Baada ya hapo palikuwa shwari.

Kazi hii ilifunua jambo ambalo picha hazikulionyesha. Chini ya kitako, katikati, kulikuwa na kidoa cha risasi nilichodhani ni tone lililodondoka. Kilipotoka kilionekana kimeziba tundu dogo la makusudi. Kitako kina kuta mbili zenye uwazi katikati, na sonara wa kwanza aliacha tundu hilo ili hewa na mvuke vipate njia wakati wa moto. Chombo chenye uwazi uliofungwa pande zote kikipashwa joto, hewa iliyomo hutanuka, na kama kuna unyevu ndani hugeuka mvuke. Kiungo huachana au chombo hupasuka mikononi mwa fundi. Nimelizibua tundu kwa kekee ndogo, na nimekiacha kitako kichwa chini karibu na jiko kwa siku kadhaa ili unyevu wowote utoke.

Juni, lehemu na moto

Kupata lehemu sahihi mjini hapa si rahisi. Mafundi wa majokofu wanazo fimbo za kuungia mabomba ya shaba, na baadhi ya fimbo hizo zina fedha ndani yake, kwa hiyo mara nyingi mtu huelekezwa kwao. Nimezikataa kwa sababu mbili. Nyingi zina fedha kidogo tu na fosforasi, hivyo huacha mstari wa rangi ya shaba juu ya chombo cheupe. Na baadhi ya zile za zamani zina kadimi, metali yenye sumu ambayo moshi wake huharibu mapafu. Fimbo isiyo na maandishi ya kilichomo haiingii karakanani kwangu.

Masonara wa zamani walijitengenezea lehemu kwa kuyeyusha fedha sehemu mbili na shaba ya manjano sehemu moja, kwa kuwa zinki iliyomo katika shaba hiyo hushusha joto la kuyeyuka. Nilikusudia kufanya vivyo hivyo, na kijana mmoja wa jirani akaniletea mfuko wa vipande vya shaba. Ndani yake mlikuwa na sarafu ya Kijerumani ya heller 20 ya mwaka 1916 yenye herufi T, mojawapo ya zile zilizopigwa hapahapa Tabora katika karakana ya reli wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kabla majeshi ya Ubelgiji hayajauteka mji mwezi Septemba mwaka huo. Nilimrudishia na kumsihi asiiuze kwa uzito, maana inashangaza ni vitu vingapi vya mji huu vimeishia kwenye mizani ya vyuma chakavu. Vipande vilivyobaki havikuwa na sifa ya kueleweka, na kwa chombo cha 833 sitaki kubahatisha joto la lehemu. Nimeagiza lehemu ya moto mdogo, yenye asilimia 65 ya fedha, kutoka kwa masonara wa Dar es Salaam, nayo imekuja kwa basi.

Moto ni mtungi mdogo wa gesi ya kupikia wenye mpira na bomba la mwali. Kitanda cha moto ni mkaa, na hapa ndipo Tabora inapomtendea fundi wema, kwa kuwa mkaa wa miti ya miombo ni mzito na mgumu. Nilichagua kipande kikubwa sokoni, nikakisawazisha uso kwa msumeno na kukifunga waya kiunoni ili kisipasuke. Mkaa huurudishia chombo joto lake, na kwa kuwa wenyewe huwaka taratibu, huila oksijeni inayouzunguka, hivyo fedha haichafuki sana. Nta ya nyuki, ambayo hapa haikosekani, ndiyo ninayopaka uzi wa msumeno kila baada ya kukata kidogo.

Julai, shingo

Ukingo wa chini wa shingo ulikuwa umeliwa na risasi mpaka haukuweza tena kukaa juu ya tumbo pasipo nafasi. Lehemu ya fedha haizibi nafasi kubwa. Huvutwa ndani ya mwanya mwembamba sana, wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita au pungufu, na penye pengo huanguka na kuacha tundu. Nilikata ukingo uliooza, nikatengeneza mkanda mpya wa fedha kutokana na bangili iliyovunjika vipande ambayo ukoo ulinipa kwa matumizi hayo. Vipande viliyeyushwa katika kalibu pamoja na boraksi kidogo, vikamiminwa kuwa kipande kirefu, kisha vikafuliwa juu ya fuawe hadi bamba jembamba. Fedha ikipigwa huwa ngumu na huanza kulia sauti kali chini ya nyundo. Sauti hiyo ikisikika, kazi husimama na bamba hurudishwa motoni hadi wekundu hafifu unaoonekana gizani tu, kama nyuzi 600, ili ulaini wake urudi. Anayeendelea kupiga baada ya sauti kubadilika hupata nyufa pembeni.

Mkanda ulikunjwa kuuzunguka mti uliochongwa kwa kipimo cha shingo, na miisho yake ikasuguliwa mpaka ikakutana. Kipimo changu ni mwanga: kiungo hushikwa mbele ya taa, na mwanga ukipita popote, tupa hurudi kazini. Sehemu kubwa ya mwezi imepita hapa, na sioni haja ya kuharakisha, kwa kuwa kiungo kilichokaa vizuri huhitaji lehemu kidogo kiasi kwamba baadaye hakuna cha kukwangua.

Siku ya moto, mrashi wote ulipakwa mchanganyiko wa asidi ya boriki na spiriti, kisha spiriti ikawashwa, chupa yake ikiwa imekwisha kuwekwa mbali. Mwali hutoka wa kijani, na ukizimika huacha unga mweupe unaoikinga fedha. Bila kinga hiyo, oksijeni hupenya ndani ya fedha yenye shaba na kutengeneza doa la zambarau chini ya ngozi, ambalo haliondoki kwa kuchovya, bali kwa kusugua fedha yenyewe. Kwenye maua yaliyoinuliwa, kusugua huko ni kuyafuta. Viungo vya zamani vya kitako, vilivyolehemiwa na sonara wa kwanza, nilivipaka udongo mweupe wa mfinyanzi ili lehemu yake isitembee kama ingelegea. Mwanya mpya ulipakwa boraksi iliyochanganywa na asidi ya boriki, ambayo hugeuka kioo laini mapema kuliko boraksi peke yake. Vipande vya lehemu, vidogo kuliko punje ya ulezi, vilipangwa kwa ndani ya mkanda, mahali ambapo jicho halifiki. Shingo ilifungwa kwenye tumbo kwa waya mwembamba wa chuma uliokunjwa vizingo, ili fedha inapotanuka waya usiikate.

Nilianza kupasha kitako na tumbo, nikizungusha mwali mpana bila kuusimamisha. Boraksi ilifura na kuwa nyeupe, ikatulia, kisha ikawa maji angavu. Lehemu hufuata joto, kwa hiyo mwali ukielekezwa kwenye vipande vyenyewe, hujikunja vitone na kubaki hapohapo. Fedha ya pande zote mbili za mwanya ndiyo inayopaswa kufikia joto kwanza. Wekundu hafifu ulipotokea kwa usawa juu na chini ya mkanda, nilipeleka mwali upande wa nje, na mstari mwembamba unaong'aa ukazunguka shingo yote kwa mara moja. Mwali uliondolewa papo hapo. Kukawia hata kidogo baada ya mstari huo huichoma zinki ya lehemu na kuacha vitundu.

Kioo cha boraksi kiliondolewa kwa asidi ya sitriki iliyoyeyushwa katika maji ya moto, baada ya waya wa chuma kutolewa. Wengi hutumia maji ya betri yaliyopunguzwa, sehemu moja kwa tatu za maji, nayo hufanya kazi upesi, mradi asidi ndiyo imiminwe ndani ya maji na isiwe kinyume chake. Kwa chombo chenye tumbo lililofungika kama hili napendelea sitriki, kwa sababu nikishindwa kuisuuza yote, kilichobaki hakitakula fedha kutoka ndani. Chuma hakiingii katika bakuli hilo, hata kibano. Kikiingia, shaba iliyoyeyuka humo hurukia kwenye fedha na kuipaka wekundu. Kibano changu cha kazi hiyo ni cha mwanzi.

Julai, bangili

Bangili iliyopasuka ilinipa mawazo machache. Ni fedha nene, na ufa wake unatokana na kufunguliwa na kufungwa kwa miaka mingi mahali palepale, mpaka fedha ikakakamaa. Niliilainisha kwanza kwa moto hafifu, ili mkazo uliomo usiusukume ufa mbele, kisha nikaupanua ufa kwa tupa hadi kwenye fedha nzima na kuweka kipande chembamba cha bamba lilelile la mkanda. Unene wake ulihitaji gesi nyingi na subira, hakuna zaidi. Nimewaambia wenyewe kwamba bangili ivaliwe kwa kuingiza kifundo kwa ubavu, bila kuitanua.

Julai, hirizi

Kasha la hirizi lina kifuniko upande mmoja, na ndani yake mna karatasi. Sikulifungua. Nilimpelekea Bibi, naye akasema karatasi hiyo iliandikwa kwa ajili ya babu yake na haitatolewa. Fedha iliyo kando ya karatasi haiwezi kulehemiwa, kwa kuwa joto lake husambaa kasha zima kabla lehemu haijawaza kuyeyuka. Kishikizo kipya kimefungwa, basi, bila moto: ulimi mwembamba wa fedha umepitishwa katika pete mbili za zamani zilizobaki ubavuni, ukakunjwa na kubanwa kwa ribiti ndogo. Mtu akitazama kwa karibu ataona kwamba ni kazi mpya, na mimi sioni ubaya wowote katika hilo. Zipo karakana ambazo zingeichoma tu karatasi hiyo na kukabidhi majivu ndani ya kasha linalong'aa.

Agosti, kumalizia

Mrashi ulijazwa maji hadi chini ya kichwa na kusimamishwa juu ya karatasi kavu usiku kucha, kisha ukalazwa ubavu kila upande. Karatasi ilibaki kavu.

Iliyobaki ni rangi. Mkanda mpya ulikuwa mweupe sana katikati ya shingo iliyozeeka, na maua, ingawa weusi wake haukuguswa kwa makusudi, yalikuwa yamefifia kutokana na moto na asidi. Weusi wa fedha ni salfaidi, yaani fedha iliyoungana na salfa, na huweza kuletwa kwa yai. Nililichemsha yai hadi kiini kikauke, nikaliponda likiwa moto, nikalifungia katika ndoo yenye kifuniko pamoja na mrashi pasipo kugusana. Rangi hupita kutoka njano hafifu hadi kahawia, kisha kijivu cheusi, na inaweza kusimamishwa wakati wowote kwa kufungua kifuniko, jambo linaloifanya njia hii kuwa salama kuliko dawa za kuchovya. Baadaye nilipitisha chaki laini iliyoloweshwa spiriti juu ya vilele vya maua tu, kwa kidole, nikaacha mitaro. Ile njia ya kuchovya fedha katika maji ya moto yenye magadi na karatasi ya alumini, inayosifiwa sana, ingeufuta weusi wote wa mitaro kwa dakika chache, na kwa sharti la Bibi ingekuwa kuharibu kazi.

Alipouchukua aliugeuza kwanza kichwa chini, akatazama maua, kisha akakitikisa kichwa cha mrashi chenye matundu juu ya kiganja ili aone kama maji yamebaki. Nimemshauri auhifadhi katika kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila kukazwa kwa mpira, kwa kuwa mpira hutoa salfa na hutia mistari myeusi mahali ulipobana, na asiuache na marashi ndani baada ya shughuli.

Mkufu bado uko mezani. Pete zake zimevutwa kutokana na uzi mwembamba kuliko bamba langu la chuma lenye matundu ya kuvutia uzi linavyoweza kutoa, na nimeazima bamba lenye matundu madogo zaidi kutoka kwa sonara mmoja wa mjini, ambaye analihitaji mwenyewe hadi mwisho wa mwezi. Likifika, uzi utavutwa kutokana na mabaki ya bangili iliyovunjika, pete zitakatwa kwa msumeno, na kila moja italehemiwa peke yake juu ya mkaa kabla ya kuunganishwa na jirani yake kwa pete ya mwisho.